Ubongo Yake Imekufa

Wenzangu, leo sina pa kuweka uso.

Najua habari itawafikia. Matiliku yote imeshajua, na Tawa itajua kabla ya ibada ya kesho. Watu wataongeza chumvi, pilipili na kitunguu. Afadhali mnisikie mimi mwenyewe, niliyekuwa hapo katikati, nimepiga magoti.

Mnajua leo ndiyo ilikuwa siku ya kupeleka ntheo kwa kina Mbithe, kule Matiliku. (Kwa nyinyi mliooa kwa kutoroshana: ntheo ni wale mbuzi wa kwanza wanaopelekwa nyumbani kwa msichana. Wakipokelewa, huyo ni mke wako. Wakirudishwa, wewe ni mchungaji wa mbuzi.) Na hii ilikuwa mara ya pili kujaribu. Mara ya kwanza mto ulifurika tukarudi nyumbani na mbuzi wetu, na baba yake Mbithe hakufurahi. Yule ni mzee wa kanisa na ni mtu wa saa. Akituambia saa nne, saa nne kamili yeye ameketi kwa kiti amevaa koti. Alituma neno: "Mara hii nitawangoja mpaka saa sita. Ikipita hapo, nitajua hamtaki binti yangu, na kuna wengine wanamtaka."

Kuna wengine! Huyo Mbithe nimemtaka tangu siku aliponicheka nikianguka na baiskeli mbele ya zahanati. Hakuna mwingine. Kwa hivyo hii wiki sikula vizuri, na mama yangu atawaambia.

Sasa, shida ilianza na mbuzi mweupe.

Mbuzi wa ntheo hatakiwi kuwa na kilema. Hata mkwaruzo, wazee wa upande ule watauona. Kwa hivyo siku nilipomnunua pale sokoni Tawa, nikaona nikimtupa nyuma ya pikapu na mifuko ya simiti atachubuka. Nikamweka mbele, na mimi, upande wa abiria, pale chini kwa miguu. Alikuwa mtulivu sana. Nikamsifu kabisa. "Mbuzi mwenye adabu kama huyu," nikasema, "hata baba mkwe atampenda." (Adabu! Kumbe alikuwa anajisaidia kimya kimya.)

Siku zikapita. Pikapu akaanza vituko. (Mnanijua, mimi gari langu humtaja kama mtu. Nimeishi naye kuliko nilivyoishi na ndugu zangu.) Ukimwasha anaamka, anatetemeka, anazima. Ukimlazimisha anatoa moshi mweusi, anakunywa petroli kama mlevi siku ya mshahara. Na pale mbele ya usukani ikawaka taa ndogo ya manjano ambayo sijawahi kuiona ikiwaka. Jana asubuhi akakataa kabisa. Jana! Siku moja kabla ya ntheo!

Nikamwita Mutinda, fundi wetu pale Tawa. Mnamjua Mutinda, mkubwa wa mwili na mkubwa wa mdomo. Alimzunguka pikapu, akanusa, akachomoa plagi, akazirudisha, akasema si plagi. Akasema pia si pampu. Mwishowe akapanda upande wa abiria, akafunua kapeti, akatoa kisanduku cha bati kilichofungwa ubavuni, chini kabisa. Nyaya nyingi zimeingia ndani yake. Akakifungua. Ndani ilikuwa kijani yote, imeota kutu.

Mutinda akasogeza pua. Akarudisha kichwa nyuma haraka.

"Hii ni mkojo."

"Mkojo ya nani?"

"Unaniuliza mimi? Wewe ndio unajua nani hukaa hapa!"

Nikageuka. Mbuzi mweupe alikuwa amefungwa hapo karibu na ua, anatafuna.

"Kyalo," Mutinda akaniambia, na hapo sauti yake ilikuwa ya daktari, "wengine wanaita hii kompyuta, wengine kontroboksi. Mimi naita ubongo. Ndiyo inaambia injini ikunywe mafuta kiasi gani na iwake saa gani. Hii ubongo imekufa. Haioshwi, haianikwi. Inatolewa, inawekwa ingine."

"Ingine inatoka wapi? Nairobi?"

"Ngoja." Akafikiri. "Kuna rafiki yangu Malili ako na pikapu kama hii. Alipinduka pale barabara kuu ya Mombasa. Ameharibika kila mahali, lakini ubongo najua ni nzima."

Basi akapiga simu, wakasomeana namba zilizoandikwa kwenye kisanduku, kwa sababu namba zisipofanana unaweza kumaliza kazi bure. Zikafanana! Rafiki yake akasema ataipakia kwenye basi la asubuhi. Nikamshukuru Mungu, nikamshukuru Mutinda, nikaenda kulala. Nikajilaza tu, lakini kulala sikulala.

Leo asubuhi jua likinikuta, mimi niko kwa gereji ya Mutinda, tulikomsukuma pikapu jana. Nimevaa suti. Baba yangu mkubwa Munyao, ndugu ya marehemu baba, naye amefika na fimbo yake na kofia. Yeye ndiye msemaji wetu. Wazee wengine wawili wamekaa juu ya makreti ya soda. Mbuzi wameoshwa. Kila kitu kiko tayari isipokuwa ubongo.

Basi halikuja.

Tukangoja. Nikaenda barabarani nikachungulia, nikarudi. Nikaenda tena. Baba mkubwa akaniambia, "Kaa chini, unamaliza viatu." Nikakaa. Nikasimama. Jua likapanda. Jasho likanitoka ndani ya suti nzito mpaka shati likanishika mgongoni. Kila nikiangalia saa ya baba mkubwa naona tu uso wa baba yake Mbithe, ameketi kwa kiti, amevaa koti.

Nikasema hapana, lazima nitume habari. Nikakimbia mpaka posta, kwenye kibanda cha simu. Kule Matiliku kuna duka la Mama Wayua. Ana simu, na yuko jirani na kina Mbithe. Nikaweka sarafu. Simu ilikuwa inalia kama karanga kwa sufuria ya moto.

"Haloo! Mama Wayua! Ni Kyalo ya Tawa!"

"Nani?"

"Kyalo! Ile ya Mbithe!"

"Aaa, bwana arusi! Mko wapi? Watu wamekaa!"

"Pikapu imetusumbua!" (Hapo simu ilipiga kelele krrr, krrr. Kumbe hilo neno la kwanza halikufika. Hayo nimeyajua baadaye.) "Tutachelewa! Ubongo yake imekufa!"

"Ati nini imekufa?"

"Ubongo! U-bo-ngo!"

"Woi! Kyalo! Tangu lini?"

"Jana asubuhi! Lakini mwambie mzee asijali. Tumepata ingine. Inakuja na basi kutoka Malili."

Nikadhani simu imekatika.

"Ingine?" akauliza, pole pole.

"Ndio! Mutinda anaiweka, ikishika tunakuja!"

"Na wewe mwenyewe saa hii unasikiaje?"

Nikaona huyu mama ana moyo mzuri sana. Nani mwingine ameniuliza hivyo leo? "Ni wasiwasi tu, mama," nikamwambia. "Kichwa yote imejaa wasiwasi."

"Woi, mwanangu," akasema. "Woi." Na sarafu zikaisha.

Nikatoka hapo nimetulia kidogo. Nilijua habari imefika. (Ilifika, wenzangu. Ilifika vizuri sana!)

Niliporudi gereji, basi limeshapita na kisanduku kiko mkononi mwa Mutinda, kimefungwa na gazeti. Ni kidogo tu, kama kitabu cha nyimbo. Akatoa waya ya betri kwanza, akakichomeka, akagundua kile kishikio cha zile nyaya kimevunjika, akakifunga na mpira wa tyubu. Akarudisha betri. Akaniambia, "Haya, mwamshe."

Nikafumba macho. Nikageuza ufunguo. Pikapu akaamka mara moja, akanguruma vizuri, na ile taa ya manjano ikazima yenyewe! Gereji yote ilipiga kelele. Baba mkubwa akarusha kofia. Mimi, siwafichi, machozi yalinitoka.

"Sikiliza," Mutinda akasema akiegemea dirisha. "Ikizima njiani usiogope. Igonge kidogo na ngumi. Hii ni ya ajali, bado iko na mshtuko."

Akanipa na ile mbovu, imefungwa kwa lile gazeti. Nikaitupa chini ya kiti. Mbuzi wakapanda nyuma, wote, hata mweupe, tena nikamwangalia kwa jicho baya. Tukaondoka.

Hiyo safari sitaki hata kuikumbuka. Sikuona barabara, niliona ile taa tu. Tukishuka naona inawaka, kumbe ni jua. Tukipanda nasikia injini inakohoa, kumbe ni baba mkubwa. Tulipopita Wote, katika mlima, pikapu akazima kweli. Moyo wangu nao ukazima. Baba mkubwa akainama, akaigonga ngumi moja, pu! Akaamka. "Umeona?" akasema, amefurahi kama yeye ndiye fundi. Halafu akanipa mawaidha. "Huko usiseme kitu. Mimi ndio mdomo. Bwana arusi ni kama hizo mbuzi, anapelekwa tu."

Ningemsikia huyo mzee, leo ningekuwa na heshima yangu.

Tulifika saa sita ishapita. Si kidogo, imepita kabisa. Nikaona boma limejaa watu, lakini hakuna anayeimba. Kwa kawaida wageni wa ntheo wanapokelewa na nyimbo langoni, akina mama wanafunga njia, mnabishana kidogo kwa utani. Leo lango liko wazi. Watu wamesimama wamefunga mikono, wananiangalia. Nikaona mama mmoja anamvuta mtoto wake nyuma ya gauni.

Nikajua tumekwisha. Wamekasirika.

Nikashuka. Nikasalimia kwa Kikamba, "Wakya, nau," na baba yake Mbithe akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniangalia ndani ya macho, jicho hili, halafu lile. Hakusema neno juu ya saa. Hakuna hata moja! Hiyo ikaniogopesha zaidi. Mtu wa saa akikunyamazia juu ya saa, kuna jambo.

Halafu nikamwona mama mkwe. Mnajua mila yetu ya nthoni, mimi na yeye hatutakiwi hata kutazamana. Lakini alikuwa amesimama kwa mlango wa jikoni, ananitazama mimi moja kwa moja, na anapangusa machozi na leso. Nikainamisha kichwa haraka. Nikajiambia, hayo ni machozi ya furaha. (Wewe Kyalo wewe!)

Wakanipeleka kwa kiti peke yangu, chini ya kivuli, kiti cha mto. Mwanamume mmoja akapita akaokota panga lililokuwa karibu, akaenda nalo. Akarudi akachukua na jembe. Nikaona hawa watu ni wasafi. Halafu akaja shangazi yake Mbithe, Syombua, mama mnene mwenye sauti, na kikombe cha uji. Hakunipa. Alinishikia mdomoni.

"Kunywa," akasema. "Po-le po-le. Hii ni u-ji."

"Asante, shangazi. Nauona."

"Anauona!" akawaambia wengine. Wakaitikia "Aaa" kwa pamoja, na mmoja akasema Bwana asifiwe.

Nikamwangalia baba mkubwa. Yeye naye alikuwa hajaelewa, lakini ni mtu ambaye hakubali kuonekana hajaelewa. Akatingisha kichwa tu kama mtu mwenye hekima.

Ndipo baba yake Mbithe akasogeza kiti chake mbele yangu. Baba mkubwa akafungua mdomo aanze ile hotuba yake. Mzee akamwinulia mkono.

"Munyao, utanisamehe. Leo nataka kijana ajibu mwenyewe. Nataka kumsikia." Akanigeukia. "Kyalo, mwanangu. Tumesikia hiyo habari ya ubongo."

Mungu wangu, nilishukuru! Kumbe wanajua ni pikapu ndiye ametuchelewesha. Kumbe hawakunikasirikia! Na kwa gari langu hakuna mtu atanishinda kwa maelezo. Nikasahau kwamba mimi ni mbuzi ninapelekwa tu.

"Ndio, baba. Samahani sana. Ni hiyo tu ndio imetuchelewesha."

"Ilianza lini?"

"Kufa ni jana asubuhi. Lakini dalili zilikuwepo wiki yote. Ikipata joto inachanganyikiwa. Inatetemeka, inazima."

Watu wakaguna. Mzee akafikiri.

"Na ni nini ilileta hiyo maneno?"

Hapo niliona aibu kidogo. Lakini nikasema, huyu atakuwa baba mkwe, nisianze na uongo. "Tusifichane, baba. Ilikojolewa na mbuzi."

Akina mama wakashika midomo.

"Mbuzi," mzee akasema.

"Ndio. Yule mweupe." Nikamwonyesha na kidole. Boma lote likageuka kumtazama mbuzi mweupe. Naye akawatazama, anatafuna.

"Huyo mbuzi alikojolea ubongo."

"Mimi sikumwona akifanya, baba. Nilikuwa naendesha."

Syombua akakaa chini, pale pale kwa vumbi. Mzee akapangusa paji la uso. "Na saa hii iko namna gani?"

"Saa hii iko sawa kabisa!" nikasema, na furaha imenipanda. "Ile tumetoa yote. Tumeweka ingine ya mwenzake wa Malili. Huyo alipinduka kwa barabara kuu, akavunjika kila mahali, ubongo tu ndio ilibaki nzima. Namba zao zinafanana!"

"Woi!" mama mmoja akalia. "Na watu wake walikubali?"

"Watu gani? Rafiki ya Mutinda anamuuza vipande vipande. Macho yote mawili yameshaenda."

Hapo mama mkwe alitoa sauti ambayo sitaisahau. Nikaona nimtulize, lakini sitakiwi kumwangalia, kwa hivyo nikaiambia miti. "Msiogope! Ikizima ni kugonga tu na ngumi. Tangu Tawa tumeigonga mara moja."

"Na mimi ndio niligonga," baba mkubwa akasema, kifua mbele. "Pu! Moja tu. Akaamka."

Mzee akavua kofia. Akasimama. Akaweka kofia kwa kiti. "Ndugu zangu," akasema, "hii si kazi ya hospitali. Tuombe. Kyalo, piga magoti."

Wenzangu, mimi nilipiga magoti nikiwa na furaha! Nilidhani ni sala ya kupokea mbuzi. Nikafumba macho. Nikasikia mkono mmoja kichwani, wa pili, wa tatu, mpaka shingo ikaingia kwa mabega. Akina mama wakaanza wimbo. Nikajiambia, hawa watu wa Matiliku wanajua kupokea mtu! Nikaanza kuimba na wao.

Halafu mzee akapaza sauti.

"Baba wa mbinguni! Mwangalie huyu kijana! Wamemtoa ubongo uliyompa wewe, wakamwekea ya marehemu wa Malili!"

Nikaacha kuimba.

"Bwana, hiyo ya marehemu itoe! Mrudishie ile yake ya kwanza, hata kama iko na mkojo!"

"Amina!" boma likajibu.

Kila kitu kikanijia mara moja: Mama Wayua na simu ya karanga, panga, jembe, uji. Hawa watu wanadhani mimi ndiye nimekufa ubongo! Na mimi nimewaambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba mbuzi alinikojolea kichwani nikiendesha!

"Hapana!" nikapiga kelele. "Ni ya gari! Ubongo ni ya gari!"

Mikono ikatulia. Kwa sekunde moja nilidhani nimeokoka.

"Woi Ngai!" Syombua akalia. "Si ya mtu! Wamemwekea ya gari!"

Hapo sasa ndipo maombi yalianza. Ile ya kwanza ilikuwa ya kupasha mwili joto. Nikijaribu kusimama, wananisukuma chini. Nikisema "pikapu," wanasema linanguruma ndani yake. Baba mkubwa akaja kuniokoa, anapunga fimbo. "Ni kweli! Ni ya gari! Nimeishika na mikono yangu!" Wakamwangalia. Wakamshika naye. Nikamwona akiteremka magotini kando yangu, kofia imekaa upande, mama wawili wamemwekea mikono.

"Kyalo," akaninong'oneza, "hawa wanafanya nini?"

"Wanatuombea ubongo, baba."

"Yangu iko na shida gani?"

Nilipata nafasi chini ya kwapa la mtu, nikachomoka, nikakimbia. Watu wakapiga mayowe, "Anatoroka! Fungeni lango!" Nilifika kwa pikapu na suti imepasuka mkono, nikainama chini ya kiti, nikatoa lile gazeti. Nikarudi nikihema. Wakafungua njia, wananiogopa. Nikaenda mpaka mbele ya mzee, nikafungua gazeti, nikamwekea kile kisanduku juu ya kiti, kando ya kofia yake.

"Baba. Hii. Hii ndiyo ubongo. Ya pikapu. Mimi yangu haijaguswa."

Mzee akakiangalia. Akakiokota. Akakisogeza puani. Akanusa. Akafumba macho. Mtu aliyefuga mbuzi maisha yake yote hahitaji kuambiwa.

"Mama Wayua," akaita, bado amefumba macho.

"Ee," Mama Wayua akajibu nyuma huko, sauti ndogo.

"Huyu kijana alikuambia ubongo ya nani?"

"Alisema 'yake.' Sasa 'yake' mimi ningejua ni ya nani? Nikadhani ni hiyo kichwa, hata 'yangu' imemshinda kusema."

Mtu mmoja akacheka. Halafu kumi. Halafu boma lote likaanguka. Syombua alicheka akilala pale kwa vumbi alipokaa. Mbuzi wakashtuka wakavuta kamba. Watu walicheka mpaka wakashikana.

Lakini baba yake Mbithe hakucheka. Na mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa namtazama yeye. Akaketi. Akavaa kofia. "Nimemsumbua Mungu," akasema, "juu ya pikapu." Kicheko kikakauka. "Nilisema saa sita. Mara ya kwanza mto. Mara ya pili mkojo. Sasa mimi niseme nini?"

Wenzangu! Niliona mbuzi wangu wanarudi Tawa. Nilimwona Mbithe kwa mtu mwingine, mtu wa saa, mwenye gari bila kompyuta. Hata baba mkubwa, msemaji wetu, akaokota fimbo yake kama mtu wa kuondoka.

"Mwiteni Mbithe," mzee akasema.

Akatoka jikoni, mikono imejaa unga, jasho usoni. Hakuniangalia. Akasimama mbele ya baba yake.

"Mbithe, hizi mbuzi za huyu mtu, tupokee ama zirudi? Ni wewe wa kusema. Lakini kwanza nijibu. Tangu asubuhi umeambiwa huyu ubongo yake imekufa. Mama yako analia, shangazi yako analia. Wewe umekuwa huko unasukuma chapati. Ulikuwa unampikia nani?"

Mbithe akapangusa unga kwa leso. Akaniangalia mimi, suti imepasuka, magoti yamejaa vumbi.

"Yeye, baba. Nilisema nataka Kyalo. Sikusema nataka ubongo yake."

Sikuwa na pa kujishikilia. Nilikaa chini tu. Nikasikia vigelegele, nikasikia mzee anapiga kikohozi cha mtu anayezuia kicheko, nikasikia anasema, "Basi fungueni hizo mbuzi. Na huyo mweupe achinjwe kwanza." Mbuzi wamepokelewa! Mimi nilikuwa nalia wazi wazi, na hakuna aliyeniambia niache.

Baadaye Mbithe akaniletea chai na chapati, akainama karibu na sikio langu. Nikamwambia, "Kwa hivyo wewe uliamini? Kwamba ubongo yangu imekufa?"

"Hapana," akasema. "Mimi nilishangaa tu kusikia ulikuwa nayo."

Basi nina mke. Mnaotaka kucheka, chekeni leo mmalize. Kesho tukikutana kanisani nisalimieni, niulizeni habari za wakwe, hata mniulize habari za pikapu. Lakini nawaomba, mtu yeyote asiniombee.